Wifi, Mguu Ulioulea Unatembea

Mpendwa wifi yangu Wairimu,

Jumamosi iliyopita nilitoka Makongeni kwa miguu hadi sokoni mjini Thika, nikazunguka nikitafuta viazi na majani ya chai, nikarudi na kikapu mkononi. Nilipofika nyumbani nilivua viatu, nikakaa mlangoni kwenye stuli, na hapo ndipo niliposhtuka. Safari nzima sikuwa nimeufikiria mguu. Sikuuchagulia mahali pa kukanyaga. Sikusimama kando ya barabara nikijifanya nafunga kamba ya kiatu ili upumue. Ulikuwa mguu tu, kama ule mwingine. Nikatamani kumwambia mtu, na mtu niliyetaka kumwambia ni wewe.

Najua hakuna posta inayofika ulipo. Kwa hivyo barua hii nimeiacha wazi, waisome hata wasiokujua, na utanisamehe nikieleza mambo ambayo wewe unayajua vizuri kuliko mimi.

Ulikuwa dada mkubwa wa Njoroge, mume wangu, na fundi wa nguo pale Ruiru, ukishona sare za shule ndani ya nyumba yako. Mimi nilikuwa msichana wa Bungoma niliyekuja Thika kutafuta kazi. Niliipata kwenye kiwanda cha nguo, upande wa mashine za kufuma, na kaka yako nikampata huko huko, akiendesha lori la kubeba marobota. Siku ya harusi yetu hukuja. Ulituma blanketi zito la rangi ya udongo na ujumbe kwamba kazi imekuzidi. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, na kila mtu kwenye ile karamu alijua hakuna mtoto anayeshonewa sare Desemba.

Tangu hapo tulisalimiana kupitia kwa Njoroge. Aliniambia dada anakusalimu, nami nikamwambia msalimie pia, na sote watatu tulijua hakuna aliyetuma salamu. Nyambura alipozaliwa ulikuja kumwona, ukambeba kidogo, ukamwita maitu, maana amepewa jina la mama yako na kwenu mtoto wa namna hiyo huitwa mama hata na watu wazima. Mimi uliniuliza kama nina maziwa ya kutosha. Nikasema ninayo. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote.

Kuumia kwenyewe niliumia kwa jambo dogo. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, nimetoka bombani na mtungi wa maji, mtoto mgongoni, na ile ngazi ya saruji mlangoni petu ilikuwa imeota kijani. Mguu wa kulia ulijikunja kwa ndani. Nikashika fremu ya mlango, mtungi ukaenda zake, mtoto hakuguswa. Kifundo kilivimba kama andazi. Nikakikanda kwa maji ya chumvi, nikarudi kazini, kwa sababu ukiwa mfumaji unasimama, na asiyesimama hafumi.

Ila hakikupona. Uvimbe ulipungua asubuhi na kurudi jioni, mwezi baada ya mwezi. Kisha kikaanza kukwama. Natembea vizuri, ghafla kitu kinanasa ndani kama changarawe kwenye bawaba, na siwezi kwenda mbele wala nyuma mpaka nikitikise. Zahanati moja walinipa vidonge vya maumivu, nyingine wakasema ni baridi yabisi. Jirani mmoja alinishauri nichunguze wakwe zangu. Nilikuja kukusimulia hilo baadaye na ukacheka mpaka ukatoa pini mdomoni usije ukaimeza.

Mwishowe nilipelekwa kwa daktari wa mifupa katika hospitali ya misheni, mtu mwembamba aliyekuwa akiongea chini chini kama yuko kanisani. Aliniuliza kama hupenda kutafuna mwisho wa mfupa wa kuku, ile sehemu nyeupe inayolia kwenye meno. Nikasema sana. Akasema lile ni gegedu, na binadamu analo pia, ndilo linalofanya mifupa iteleze bila kusagana. Langu lilikuwa limebanduka kipande ndani ya kifundo, na kipande hicho ndicho kilichokuwa kikizurura na kunasa. Angefungua, akitoe, asafishe pale palipobaki wazi, kisha autoboe mfupa vitundu vidogo ili damu itoke na kuotesha gegedu jingine.

"Mimi nitalima tu," akaniambia. "Kuota ni kazi ya mwili wako, na mwili unataka utulivu."

Maana yake nisikanyage hata kidogo mpaka yeye aseme. Nikikanyaga mapema, kile kinachoota kitasagika kikiwa bado laini kama uji unaoanza kuganda, na hakuwa na hakika kama ingewezekana kurudia. Msimamizi wangu kiwandani naye alikuwa amenieleza kwa upole kwamba mahali pangu patashikiliwa, lakini mashine haiwezi kumngoja mtu asiyeweza kusimama. Kwa hivyo niliingia thieta nikijua kwamba mguu ule ni kazi yangu, na kwamba nikishindwa kuulea nitarudi Bungoma kulima kwa kukaa.

Upasuaji ulienda salama. Shida ilikuwa kurudi nyumbani. Pale Makongeni, choo na bomba viko mwisho wa ploti, na kati yake na mlango wetu kuna tope lisilokauka. Njoroge alikuwa safarini Mombasa kila wiki. Mama yangu alikuwa na kifua kibaya na hangeweza kusafiri. Msichana aliyekuwa akinisaidia alikuwa ameolewa. Nilikuwa nimelala pale wodini nikitazama dari na kupanga jinsi nitakavyotambaa, kaka yako alipokuja, akakaa ukingoni mwa kitanda na kusema, bila kunitazama, kwamba dada amesema uende Ruiru.

Nilikataa. Nilimwambia afadhali nitambae. Kesho yake alasiri ukaja wewe mwenyewe, umevaa lile koti lako la bluu, futi ya kupimia bado iko shingoni. Hukuniomba wala kunibembeleza. Ulikunja nguo zangu moja moja ukaziweka kwenye mfuko, ukamfunga Nyambura mgongoni, ukachukua magongo yangu ukanipa.

"Nyumba yangu ina choo karibu na mlango," ulisema. "Mengine tutaona huko."

Basi nikaenda. Nakumbuka ulikuwa umetoa meza sebuleni na kuweka kitanda chini ya dirisha, karibu na cherehani, ili uweze kuniona ukiwa kazini. Mguu wangu ulikuwa na plasta nusu iliyofungwa kwa bandeji, na uliuweka juu ya marobota mawili ya kitambaa cha sare ya kijani. Ulisema mguu ukae juu kuliko moyo, kama daktari alivyoagiza. Ulikuwa umemsikiliza kuliko mimi.

Siku ya kwanza ya kuoga nilitaka kufa. Kwetu, dada ya mume si mtu wa kukuona ukiwa uchi. Nilisema nitajifuta kwa kitambaa. Uliniangalia, ukaingia jikoni, ukarudi na karatasi ya nailoni ya mkate na kipande cha lastiki ya suruali. Ulinivisha mguu ile karatasi, ukaibana kwa lastiki chini ya goti, ukanikalisha kwenye stuli ndani ya karai. Kisha ukanigeuza nitazame ukuta na kunisugua mgongo, ukiniambia habari za mwalimu mkuu mmoja aliyetaka mifuko ya kaptula ishonwe midogo ili wavulana wasiweke mawe. Hukunyamaza hata kidogo mpaka ukamaliza. Nilielewa baadaye kwamba ulikuwa ukiongea ili nisione haya.

Lakini baada ya hapo tulirudi kwenye ukimya wetu. Wewe na cherehani, mimi na dirisha. Nyambura alikuwa katikati, akishika viti na kuzunguka navyo, akikataa katakata kuviachilia ingawa watoto wa rika lake walikuwa wakikimbia. Ulisema maitu hana haraka, anasoma barabara kwanza.

Kilichotufungua midomo ni mrenda. Nilikuwa nimekula mukimo wako wa viazi vya kuponda kwa shukrani, na githeri ya mahindi na maharagwe, na mukimo tena, mpaka siku moja ukaniona nikizungusha kijiko. Ukaniuliza kwetu mtu akiugua hula nini. Nikasema ugali wa wimbi na mrenda, nikasema bila kutarajia kitu. Siku iliyofuata ulipotea asubuhi nzima. Ulikuwa umeenda mpaka upande wa Githurai kuwatafuta akina mama wa kwetu wanaouza mboga, ukarudi na fungu kubwa. Ulilikatakata kwa kisu kama sukumawiki, ukalikaanga kwa kitunguu na mafuta mengi. Ulipoliweka mbele yangu lilikuwa kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nizaliwe.

Nilijaribu kula kwa heshima. Ukaniangalia nikitafuna, ukaonja, ukaweka sahani chini. "Hii sio sawa, ama ndiyo iko hivi?"

Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu thieta. Nikakuelekeza nikiwa kitandani, jinsi ya kuchambua majani kwa mkono, kuyachemsha na magadi, kutotia mafuta kabisa. Fungu lililobaki ulilipika vile. Ulichovya tonge, ukavuta, na ule utelezi ukafuata mkono wako kutoka sahani mpaka mdomoni kama uzi wa cherehani. Ulimeza ukiwa umefumba macho. Kisha ukasema kwamba chakula hiki kinaingia bila kubisha hodi. Tangu siku hiyo ulikipika kila wiki, na wewe mwenyewe ulikula, ukilalamika.

Sasa nifike kwenye ile asubuhi.

Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Siku nyingine zote jiko la makaa lilikaa nje, lakini mvua ile ilikulazimisha kuliingiza ndani, karibu na mlango, na sufuria ya maharagwe juu yake. Ulikuwa na mzigo wa sare wa kupeleka shule ng'ambo ya reli, nao walikuwa wakizisubiri. Uliweka benchi kati ya mtoto na jiko, ukaniambia hutakawia, ukaenda. Nyuzi za upasuaji zilikuwa zimetolewa, na plasta pia, na nilikuwa nimeruhusiwa kukichezesha kifundo juu na chini nikiwa nimekaa, basi. Kukanyaga bado.

Nyambura alikuwa ameshika kiti chako. Alinitazama, akacheka, akaachilia. Alisimama peke yake akiyumba, na mimi nikampigia makofi. Kisha akageuka na kutembea. Wifi, hatua zake za kwanza duniani zilikuwa za kuelekea motoni. Alipita kando ya benchi ambapo sisi watu wazima tulidhani hapawezi kupita mtu, mikono mbele, akiifuata ile sufuria iliyokuwa ikipiga kelele.

Sikufikiria mguu. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka tu sakafu ya saruji, baridi yake chini ya unyayo wa kulia, na uzito wangu wote ukitua pale, na tena, na gauni la mtoto kwenye ngumi yangu. Nilimvuta nyuma tukaanguka pamoja. Sufuria ilitikisika, haikumwagika. Yeye alikasirika kwa kukatizwa safari. Mimi nilihisi kitu kama maji ya moto kikipanda kutoka kwenye kifundo mpaka gotini, na nikabaki pale chini nimemkumbatia, nisithubutu kuangalia.

Ulitukuta hivyo. Ulisimama mlangoni maji yakikuchuruzika, ukaona jiko, ukaona kitanda kitupu, ukaona umbali uliokuwa katikati. Ukauliza kuhusu mtoto. Nikasema mzima.

"Na wewe?"

"Nimekanyaga."

Nilitarajia ugomvi. Badala yake ulikaa chini sakafuni na koti lako lililolowa, ukauchukua mguu wangu ukauweka mapajani mwako. Ulikuwa umeshaanza kuvimba. Uliushika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga, ukasema kitu kwa Kikuyu, polepole, na nilipokutazama machozi yalikuwa yakikutoka. Sikuwahi kukuona ukilia. Hata siku alipozikwa baba yenu, walisema hukulia.

Jirani yako mwenye pikapu alitupeleka hospitali. Tulikaa kwenye benchi ile ndefu ya kungojea daktari, Nyambura amelala mapajani mwako, na mimi nikiwa nimeshaanza kuaga kiwandani moyoni mwangu. Nilikuambia kwamba imekwisha. Nilikuambia nitakuwa mzigo kwa kaka yako. Ukaanza kuongea ukimtazama mtoto.

Uliniambia kwamba zamani ulikuwa na mchumba, fundi wa mashine za kahawa kwenye shamba moja hapo Ruiru, mtu wa Kakamega, jirani na kwetu Bungoma. Mlikuwa mmepanga kila kitu, na mama yako alikuwa amekubali. Akapata habari kwamba baba yake amefariki, akaenda nyumbani kuzika. Alikuambia atarudi baada ya matanga. Hakurudi. Hakukutumia hata neno. Ulimngoja mpaka watu wakaacha kukuuliza.

"Njoroge aliponiambia msichana ni wa huko, nikaona yeye pia ataachwa," ulisema. "Nikasema mimi siwezi kuja kucheza ngoma siku ya kaka yangu kuanza kungoja. Haikuwa wewe. Mimi sikuwa nakujua."

Nikasema tu lililokuja. "Lakini mimi sijaenda popote."

Ukanitazama, ukautazama ule mguu.

"Nimeona. Hata ukitaka kwenda huwezi."

Tulicheka, wifi. Tulicheka pale kwenye benchi mpaka muuguzi akachungulia, na Nyambura akaamka. Nilikuwa naogopa kupita kiasi na bado nilikuwa nacheka, na kitu fulani kilichokuwa kimenibana tangu harusini kikaachia. Daktari alipoita jina langu ulisimama kwanza, ukaniinua kwa kwapa, ukaingia nami kana kwamba ni wewe uliyeitwa.

Alikichezesha kile kifundo kila upande, sikio lake karibu nacho. Akaagiza nipigwe picha. Aliporudi alisema hawezi kuona kila kitu kwa picha, maana gegedu halionekani kama mfupa, lakini mfupa wenyewe hauna tatizo, hakuna kinachonasa, na uvimbe ule ni wa kushtuka. Alisema hatua chache za mama anayeokoa mtoto si sawa na mwezi wa kutembea sokoni. Tusubiri. Ulimuuliza atujibu wazi, mguu umeharibika au haujaharibika. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema yeye angelala usingizi mzuri.

Wewe hukulala hata hivyo. Kulipokucha nilikukuta umeshalitoa jiko nje, na umegongomea ubao wa kuzuia mtoto pale mlangoni.

Uvimbe ulitulia. Siku ya kuruhusiwa kukanyaga ilipofika, daktari alisema nianze kwa uzito mdogo, magongo mawili, kisha moja. Ulinipeleka kwenye ile nyasi nyuma ya nyumba, bila viatu. Ukasimama mbele yangu, ukinyoosha mikono bila kunigusa, ukitembea kinyumenyume, na Nyambura kando yangu akifanya vivyo hivyo, maana alidhani ni mchezo wake. Majirani walikuwa wakitazama juu ya ua. Nilikanyaga kwa kisigino, nikashusha unyayo, nikangoja ile changarawe. Haikuja. Nikasogeza tena. Kulikuwa na ukakamavu, kulikuwa na maumivu ya kawaida ya kitu kilichokaa bila kazi, lakini ndani kulikuwa kunateleza. Nilikuambia kunateleza. Ukasema kama mrenda, na ukageuka haraka ukaenda kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Ule msuli wa nyuma ya mguu ulikuwa umenyauka, mguu mmoja mnene na mwingine kama wa kuku. Kila Jumapili baada ya kanisa ulichukua futi yako ukanipima miguu yote miwili, kwa uso ule ule uliowapimia watoto sare, na ukiona wa kulia umeongezeka unanipikia chai ya maziwa matupu. Niliondoka Ruiru nikiwa na gongo moja, kisha nikaliacha nalo. Kiwandani walinipa kwanza kazi ya kukagua vitambaa nikiwa nimekaa. Baadaye nikarudi kwenye mashine. Siku niliyomaliza shifti nzima nimesimama nilipanda gari moja kwa moja mpaka Ruiru kukuambia. Ulinishika mabega, ukanitazama kutoka juu mpaka chini kama nguo uliyomaliza kuishona, ukaniambia nikae nile.

Baada ya hapo hakuna aliyetubebea salamu tena. Nyambura alishinda likizo zake zote kwako. Mimi nilikuja na mrenda, wewe ukaja na mukimo, na Njoroge akalalamika kwamba amepoteza dada na mke kwa mpigo mmoja.

Nilikuwa najiandaa kukuuguza uzeeni. Hilo nilikuwa nimelipanga. Hukunipa nafasi. Presha ilikuchukua ukiwa umekaa kwenye cherehani, mchana, wakati wa zile mvua za El Nino zilizobomoa kila kitu. Tulikuzika kwenye shamba la wazazi wako, upande wa Gatundu. Gari lilikwama mbali na nyumbani, barabara ikiwa imegeuka mto wa tope jekundu, na wanaume wakakubeba begani. Mama yako aliniambia nibaki ndani ya gari kwa ajili ya mguu wangu. Nikamwambia hapana. Nilikunja sketi, nikavua viatu, nikashuka ule mteremko nyuma yako, kwenye tope linalovuta mguu na kuupinda, na kile kifundo kilinihimili mpaka chini. Nililia njia nzima, lakini ndani ya kilio kulikuwa na shukrani pia. Nilishukuru kwamba naweza kutembea kukusindikiza. Nilishukuru zaidi kwamba lile la kwenye benchi tulilisema tungali wazima. Ninawajua mawifi waliozikana bila kusema.

Sasa nikupe habari mpya, maana hii ndiyo usiyoijua.

Tumepata mtoto mwingine, msichana. Ana wiki chache tu. Unajua desturi ya kwenu, binti wa kwanza jina la mama ya baba, wa pili jina la mama ya mama. Kwa hivyo zamu ilikuwa ya mama yangu. Mama yako alikuja kumwona mtoto, na siku hiyo hiyo mama yangu akafika kutoka Bungoma na kuku wawili na kile kikohozi chake. Tulikaa wote sebuleni. Mama yako, kwa heshima zote, akamwambia kwamba huyu ni wake, ampokee mwenye jina lake.

Mama yangu akaweka kikombe chini. Akasema anashukuru sana, lakini kwetu mtoto hapewi jina la mtu ambaye bado anapumua. "Ama mnataka nianze kufungasha?" akauliza.

Njoroge alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. Mama yako alionekana amepotea, kwa sababu kuruka jina la upande wangu ni kosa kubwa kwake, na hakutaka kunikosea. Akauliza sasa itakuwaje, mtoto hawezi kukaa bila jina.

"Mpeni jina la yule aliyemwogesha binti yangu," mama yangu akasema. "Huyo kwetu angefaa, na nasikia kwenu pia shangazi huwa na zamu yake."

Mama yako alijifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, na mabega yake yakatikisika. Alipokifunua alinyoosha mikono apewe mtoto. Alimtazama sana. Kisha akamlaza kifuani na kuanza kumwimbia chini chini, na mama zetu wawili, ambao hawana lugha wanayoijua wote wawili isipokuwa hiki Kiswahili chetu cha kuokota, wakakaa bega kwa bega mpaka chai ikapoa.

Basi jina lako linaitwa hapa kutwa nzima. Wairimu amelala? Wairimu ameshiba? Nani amemwamsha Wairimu? Mwanzoni kila nikilisikia nilisimama. Jana Njoroge alirudi kutoka safarini, akavua buti mlangoni, akauliza Wairimu yuko wapi. Na mimi, nikiwa jikoni na mikono yenye unga, nikamjibu bila hata kufikiria, kwamba yuko hapa, ingia umwone.

Pumzika vizuri. Huku tuko sawa.

Mimi wifi yako,
mke wa kaka yako, mama ya Nyambura na Wairimu,
Nafula
Makongeni, Thika